"Mfumo umekataa": acheni kuwasingizia wafanyakazi wa benki uoga



Kuna maneno nimeyachoka. Kila nikitumwa na mhariri kwenda kuandika habari za semina ya mambo ya fedha, iwe Mbeya mjini au Dar, lazima asimame bwana mmoja mwenye suti na projekta yake aseme hivi: "Changamoto yetu kubwa ni watumishi wenyewe. Tumewaletea akili mnemba, wanaitumia mwezi wa kwanza, wa pili, halafu wanairudia kalamu. Wanaogopa teknolojia. Wabadili mtazamo." Ukumbi unapiga makofi. Chai inaletwa, sambusa mbili mbili, posho zinasainiwa, watu wanatawanyika. Kesho yake magazeti yanaandika: "Watumishi wa benki watakiwa kubadili mtazamo."

Gazeti lina mwenyewe, lakini hapa ni kwangu. Leo nabishana na yule bwana, na nabishana naye nikiwa Kyimo, nyumbani, wilaya ya Rungwe, mahali ambapo huo mfumo wake unakutana na watu wenye matope miguuni.

Hoja yangu ni moja na nitaisema mapema, ili asiye na muda wa kusoma mpaka mwisho aondoke nayo. Mfanyakazi wa fedha anaiacha mashine kwa sababu mashine ndiyo inayoamua na yeye ndiye anayelaumiwa. Mpe sehemu ya uamuzi na mgawane lawama, ataitumia mpaka astaafu. Mnyime vyote viwili, hata ukimfanyia semina mia moja ataikimbia tu.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Wengine wanaiita akili bandia, wengine akili mnemba, wengine akili unde. Waiite watakavyo. Pale dirishani hakuna anayetumia hata moja kati ya majina hayo. Pale utaambiwa: "Mfumo umekataa, mama." Basi. Mfumo ni programu iliyolishwa maelfu ya mikopo ya zamani, nani alilipa, nani alikimbia, kisha ikafundishwa kukisia kama na wewe utalipa au utakimbia. Inakupa alama. Alama ikiwa ndogo, umekwisha.

Sasa njoo Kyimo uone mfumo unaona nini na hauoni nini.

Yuko mama mmoja huku kwetu, jina lake namhifadhia. Ana migomba, ana miti ya miparachichi, ana ng'ombe wawili wa maziwa. Ndizi anauza kando ya barabara kwa fedha taslimu, mikungu inapakiwa kwenye lori, fusho linasafiri mpaka Dar, na hela anaifunga kwenye kanga. Maziwa anapeleka asubuhi. Yuko kwenye kikoba, lile sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake wanashika watu watatu tofauti, na kwa miaka yote hajawahi kuchelewesha marejesho. Ukimuuliza mweka hazina wa kikoba atakuonyesha daftari. Ukiwauliza majirani watakuambia kwamba yule mama akikopa debe la viazi Jumatatu, Jumamosi limerudi limejaa mpaka juu.

Mfumo unaona nini? Laini ya simu. Na laini yenyewe imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtoto wake aliyeko Mbeya, kwa sababu siku ya kusajili kitambulisho cha mama kilikuwa hakijatoka. Miamala yake ni michache, vocha anaweka kidogo kidogo, na hajawahi kukopa benki. Kwa mfumo, mama huyu karibu hayupo duniani.

Akaenda benki, na benki yenyewe siitaji, kuomba milioni mbili aongeze ng'ombe na kujenga banda. Afisa mikopo, kijana wa rika langu, akapanda bodaboda akaja mpaka shambani. Akaona migomba, akahesabu ng'ombe, akasoma daftari la kikoba, akanywa na maziwa. "Ndaga, mama," akasema, akaondoka ameridhika kabisa. Akarudi ofisini akajaza fomu kwenye kompyuta. Mfumo umekataa.

Nilimuuliza yule kijana kwa nini hakubishana. Tulisoma chuo kimoja, tunaongea bila kuogopana. Alicheka.

"Kaka, nibishane na nani? Hakuna mahali pa kubonyeza. Kuna kitufe cha 'endelea' na kitufe cha 'funga'. Cha 'hapana, mmekosea' hakipo."

"Kwa hiyo umeacha kuutumia?"

"Nautumia kwa vidole. Kichwani nilishauacha zamani."

Nimeisikia sentensi hiyo, kwa maneno tofauti, kwa maafisa mikopo watatu na karani mmoja wa dirishani. Hakuna aliyeniambia anaogopa kompyuta. Hawa ni watoto waliokua na simu mkononi, wanatengeneza majedwali ya Excel ambayo bosi wao hawezi kuyafungua. Huyu bwana wa semina anapowaita waoga, anamtukana mtu asiyemjua.

Tazameni hesabu anayoipiga afisa mikopo kila siku. Mfumo ukisema "ndiyo" naye akakubali, mkopo ukaja kuchacha, anaandikiwa barua ya kujieleza yeye. Mfumo hauandikiwi barua. Mfumo ukisema "hapana" naye akakubali, hakuna anayemuuliza kitu, hata kama amemnyima mteja bora kuliko wote tarafani. Mfumo ukisema "hapana" naye akapambana kwa meneja mpaka mkopo ukatoka, mteja akilipa vizuri hasifiwi mtu. Mteja akikwama mwezi mmoja tu, mvua ya mawe imepiga migomba, ng'ombe ameugua, jina la afisa ndilo linalosomwa kwenye kikao: "Huyu ndiye aliyeshindana na mfumo."

Wewe ungefanyaje? Usinijibu kwa ushujaa. Una kodi ya nyumba, una mdogo wako anasoma kwa mshahara huo huo.

Kutokana na hesabu hiyo wanazaliwa watumishi wa aina mbili, na wote wawili wameshaiacha akili mnemba ingawa ripoti ya makao makuu inaonyesha wanaitumia kwa asilimia mia.

Wa kwanza ni mtiifu. Huyu ameacha kufikiri. Haendi tena shambani, ya nini? Bodaboda inakula hela, na jibu litatoka kwenye mashine hata asipokwenda. Anajaza, anabonyeza, anasema mfumo umekataa, anaita mwingine. Mwaka mmoja wa kazi hiyo na ujuzi wake wote unaota kutu. Siku mfumo ukisema upuuzi, hatakuwa na macho ya kuuona.

Wa pili ni mjanja. Huyu amegundua mashine inapenda nini. Amegundua kwamba ukiandika "biashara ya rejareja" alama zinapanda kuliko ukiandika "kilimo". Basi wakulima wote wa kata nzima wanageuka wauza duka. Mapato ya msimu anayagawa kwa miezi kumi na miwili yaonekane yanaingia kila mwezi. Anafanya hivyo mara nyingi kwa nia njema, ili mama wa watu apate mkopo wake. Lakini fikirini kinachofuata: mashine inajifunza kutokana na takwimu hizo hizo. Mwaka unaofuata inafundishwa kwamba Kyimo ni mji wa maduka. Ndipo yule bwana wa semina anakuja kulalamika kwamba takwimu za vijijini haziaminiki!

Nani ameziharibu? Mtu uliyemnyima mlango, akaamua kupita dirishani.

Msidhani haya ni maneno ya kijiweni. Wasomi wameyapima. Mwaka 2001 Anol Bhattacherjee alichunguza watu waliokuwa wakitumia huduma za benki kwa intaneti, akitaka kujua kwa nini mtu anaendelea kutumia mfumo baada ya kuuanza. Aliyoyakuta ni mambo ya kawaida kabisa: mtu anaendelea kama kitu kimetimiza alichotarajia, kama kimemridhisha, na kama anaona kinamsaidia. Rudieni hapo. Alichotarajia. Sasa watumishi wetu waliahidiwa nini siku ya uzinduzi? Waliambiwa mashine itawapunguzia makaratasi ili wapate muda wa kukaa na wateja. Wakapata nini? Idadi ya wateja wa kuhudumia kwa siku ikaongezwa, na makaratasi yakabaki vile vile, maana mkaguzi bado anataka faili. Ahadi imevunjwa. Uoga umeingilia wapi?

Mwaka 2015 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani, Dietvorst, Simmons na Massey, walionyesha jambo lingine. Watu wakishaiona mashine ikikosea, wanaikataa hata kama wameona kwa macho yao kwamba inakosea mara chache kuliko binadamu. Yule bwana wa semina anaupenda sana utafiti huu. Anasema: mnaona? Watu hawana akili, mashine inawashinda na bado hawaitaki.

Lakini haendelei kusoma. Mwaka 2018 watafiti hao hao walitoa utafiti mwingine. Safari hii waliwaruhusu watu kurekebisha kidogo jibu la mashine. Kidogo tu, pointi chache juu au chini. Waliopewa nafasi hiyo walikubali kuitumia zaidi, waliridhika nayo zaidi, na hawakuhitaji uhuru mkubwa ili waridhike. Hawakufanyiwa semina ya kubadili mtazamo wala kuletewa mhamasishaji kutoka Nairobi. Walipewa nafasi ndogo ya kuweka mkono wao, basi.

Kitufe kimoja, ndugu zangu. Kile ambacho rafiki yangu anasema hakipo.

Sisi Watanzania tuna historia yetu ya jambo hili na tumeisahau. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa mwaka 1965, na ilifungwa Wizara ya Fedha, kwa watu wa hesabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye kompyuta ikavurugika vibaya. Wazalendo wenye ujuzi walikuwa wachache mno na mambo yalitegemea wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Tulipoteza miaka mingi pale.

Wengi wanapoisimulia hadithi hiyo wanacheka marufuku yenyewe: eti Bongo tulikataza kompyuta! Mimi naona funzo liko hatua moja nyuma. Mashine ililetwa juu ya vichwa vya watu walioshika vitabu vya hesabu, wakiwa hawana uwezo wa kuifungua, kuihoji wala kuirekebisha. Ilipoharibika, ikaharibika moja kwa moja, na waliobaki na fedheha ni watu wa hesabu. Leo tunarudia. Mfumo umenunuliwa nje, umefundishwa nje, na meneja wa tawi hajui ndani yake kuna nini. Ukimuuliza kwa nini mama wa Kyimo amekataliwa, anainua mabega.

Na kama mnadhani natia chumvi kuhusu lawama, nendeni Uingereza mkaone. Shirika la posta la kule, Post Office, lilianza mwaka 1999 kufunga kwenye maduka ya mawakala wake mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, uliotengenezwa na Fujitsu. Haukuwa akili mnemba, ulikuwa mfumo wa hesabu wa kawaida tu. Ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Wakala anafunga hesabu jioni, mfumo unamwambia umepungukiwa paundi elfu kadhaa. Anapiga simu kuomba msaada, anajibiwa mfumo uko sawa. Wengine waliuza nyumba kujazia pengo la hewa. Zaidi ya mawakala 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu katika miaka ile, wengi wakishitakiwa na shirika lenyewe. Sheria ya kule ilichukulia kwamba kompyuta ni mkweli mpaka uthibitishe vinginevyo. Mwenye duka la kijiji athibitishe vipi?

Ilibidi wafike Mahakama Kuu mwaka 2019 ndipo jaji aseme mfumo ulikuwa na kasoro. Ikabidi bunge litunge sheria mwaka 2024 kufuta hukumu zao. Na ripoti ya uchunguzi iliyotolewa Julai 2025 ilisema watu wasiopungua 13 huenda walijiua kwa sababu ya mkasa ule.

Wale walikuwa mawakala. Kama huyu wetu wa hapa stendi, mwenye meza, mwavuli na simu tatu. Akifungiwa laini na mfumo kwa sababu "miamala yake inatia shaka", anampigia nani? Anapiga huduma kwa wateja, muziki unalia, salio linaisha. Wateja wanahamia meza ya jirani. Kisha mnashangaa mawakala hawaupendi mfumo!

Kuna na suala la ajira, ambalo kwenye semina huwa linapitwa haraka kama mtu anavyopita makaburini usiku. Mtumishi anaambiwa: "Akili mnemba haitachukua kazi yako." Naye ana simu, anasoma habari. Julai 2025 Commonwealth Bank ya Australia ilitangaza kupunguza watu 45 wa kupokea simu za wateja, kisa wameleta mashine inayojibu simu. Ilidai simu zimepungua. Chama cha wafanyakazi kikabisha kwamba simu zinaongezeka. Agosti hiyo hiyo benki ikakiri ilikosea, ikaomba radhi, ikarudisha nafasi zile. Mtumishi wa Tukuyu anayesoma habari hiyo anajifunza mambo mawili: kwamba mabosi wako tayari kumtoa kabla hata ya kuhakikisha mashine inafanya kazi, na kwamba wale wa Australia walipona kwa sababu walikuwa na chama kilichojua kupiga hesabu. Sasa huyu umwambie aifundishe mashine kila siku jinsi ya kufanya kazi yake, halafu umwite mwoga akisita?

Najua mtakachonijibu, maana nimeshajibiwa hivyo kwenye vijiwe vya Mbeya. Mtasema: wewe unawatetea watu gani? Afisa mikopo gani huyo malaika? Hawa si ndio wanaoomba "ya maji" ili faili lisogee? Si ndio wanaompa mkopo shemeji yao na kumzungusha mama wa watu miezi sita? Afadhali mashine, haina shemeji.

Hoja hii ni nzito na siikwepi. Ni kweli. Mtu wa Kyimo ameumizwa na binadamu wa benki kabla mashine haijazaliwa. Na ni kweli mashine imefungua milango. M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, ya Vodacom na Commercial Bank of Africa, watu ambao hawakuwahi kukanyaga zulia la benki walianza kukopeshwa kwenye simu zao kwa kuangaliwa matumizi ya simu na akiba, bila kusujudia dirisha la mtu. Mwanafunzi alikopa, bodaboda alikopa. Sitaki turudi nyuma ya hapo.

Lakini tazameni na upande wa pili wa mkopo usio na mtu. Zikaja programu za mikopo za kila rangi, za kubonyeza mara tatu hela imeingia, na ukichelewa siku mbili zinawatumia ujumbe ndugu zako wote, mpaka mchungaji wako, kwamba wewe ni tapeli. Mikopo ya kausha damu, safari hii iko mfukoni mwako. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya majukwaa na programu 69 za aina hiyo zisizo na leseni. Kule hapakuwa na afisa wa kuomba rushwa. Hapakuwa pia na mtu wa kumwambia: ndugu yangu, mtoto alikuwa amelazwa, nipe wiki moja.

Kwa hiyo anayesema tuchague kati ya afisa mla rushwa na mashine isiyo na masikio anatuuzia mbuzi kwenye gunia. Dawa ya afisa mla rushwa ni kuandika. Kila anapobadilisha jibu la mashine aandike sababu, aweke jina lake, na sababu hiyo ikaguliwe. Shemeji hataandikika kwa urahisi. Migomba, ng'ombe na daftari la kikoba vitaandikika.

Basi mimi nataka nini? Nayasema kwa mtindo wa risala, bwana wa semina ayabandike kwenye slaidi zake.

Kwanza, kitufe. Kila mfumo unaotoa alama za mkopo uwe na mahali pa afisa kusema "sikubaliani, na sababu yangu ni hii." Sababu hizo zisitupwe. Baada ya mwaka mmoja zilinganishwe: walioteteswa na afisa walilipa? Kama walilipa, mashine ifundishwe upya kwa sababu hizo. Kama hawakulipa, afisa ajifunze. Hapo mashine na mtu watakuwa wanafundishana, tofauti na sasa ambapo mtu anaidanganya mashine na mashine inamdumaza mtu.

Pili, sababu, tena kwa Kiswahili. "Mfumo umekataa" si sababu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mtu haki kuhusu maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake: ana haki ya kujulishwa na ya kuomba yaangaliwe upya. Ni wangapi dirishani wamewahi kumwambia mteja kitu hicho? Wengi wao hawajaambiwa hata wao. Mfumo usioweza kumweleza karani kwa nini umekataa unamfanya karani kasuku, na hakuna msomi anayependa kuwa kasuku.

Tatu, lawama zigawanywe. Mkopo uliopitishwa na mashine ukiharibika, aliyenunua mashine naye aandike barua ya kujieleza. Mkurugenzi na mshauri wake. Mtaona jinsi mifumo itakavyopimwa vizuri kabla ya kuletwa Rungwe.

Nne, vyama vya wafanyakazi viamke. TUICO na wenzenu wa sekta ya fedha, mikataba ya hali bora inazungumzia nyongeza, likizo na matibabu. Sawa. Iandikeni na mashine humo. Mtumishi asifukuzwe kwa kutofautiana na mfumo kwa sababu alizoziandika. Muda aliookolewa na mashine usigeuzwe wote kuwa mzigo mpya. Na akiombwa kuifundisha mashine kazi yake, ajue kwa maandishi kazi hiyo itaishia wapi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mtambo mpya kutoka ng'ambo. Yote yanahitaji mtu mmoja aliyeko juu akubali kupunguza kidogo madaraka yake. Ndiyo maana kuhimiza watu wabadili mtazamo kumekuwa kutamu: hakumgharimu bosi chochote, na mzigo wote unatua kwa aliye chini.

Nasema tena, siipingi akili mnemba. Naitumia mwenyewe kupanga maandishi ya mahojiano marefu, na inaniokolea saa nyingi. Naendelea kuitumia kwa sababu ikiandika uongo nafuta, na jina linalotoka gazetini ni langu, na kalamu ya mwisho ni yangu. Nanyimwe hicho kifutio leo, uone kama kesho nitaigusa.

Yule mama, kwa waliotaka kujua, amekopa kwenye kikoba. Kiasi kidogo kuliko alichohitaji, banda limejengwa nusu. Benki imempoteza mteja ambaye afisa wake mwenyewe alimwona, alimpima na kumkubali. Hasara hiyo haimo kwenye ripoti yoyote, kwa kuwa hakuna mfumo unaohesabu watu wazuri uliowafukuza.

Wewe unayefanya kazi benki, kwenye SACCOS, kwenye kampuni ya simu au kwenye meza ya uwakala, na umesoma mpaka hapa: safari ijayo mtu akikuita mwoga ukumbini, nyoosha mkono. Usitoe hotuba. Muulize swali moja tu, tena kwa adabu: "Mkuu, mfumo ukikosea, nani anaandika barua?"

Kisha kaa chini usubiri jibu. Tuko pamoja.